Jisahihishe kabla ya kusahihishwa

Kila mwaka, masomo yanapokaribia kwisha, vijana wa sekondari hutujia mlangoni na karatasi mikononi. Ni kazi zao za utafiti. Wamepewa jambo la kuchunguza, wametafuta vitabuni na katika simu, wengine wamewauliza wazee, kisha wameandika. Sasa wataka mtu awaambie kama kazi ni nzuri ama ni mbaya. Twawapokea kwa furaha. Lakini mwaka huu tumeanza kuwajibu kwa namna nyingine, nayo ndiyo habari tunayowaletea leo, ninyi wazazi na ninyi wanafunzi.

Alikuja kijana mmoja wa darasa la sita. Jamaa yake walitoka Goma, na sasa wanakaa mtaani kwetu. Kazi yake ilikuwa na kurasa 14, imeandikwa kwa mashine, ina na picha ya rangi juu ya jalada. Kichwa chake kilikuwa hiki: «Mlima Nyiragongo».

«Mwalimu,» alisema, «naomba unitazamie. Je, ni nzuri?»

Tukamwuliza: «Wewe mwenyewe waonaje?»

Akatabasamu, kama mtu aliyeulizwa neno la mzaha. «Mwalimu, mimi nitajuaje? Alama unazo wewe.»

Jibu lile lilituchoma moyo, maana lilikuwa kweli, na kosa halikuwa lake. Ni sisi walimu tuliomfundisha hivyo. Kwa miaka mingi tumeshika kalamu nyekundu na kuandika pembeni: «Hafifu.» «Haieleweki.» «Umeyatoa wapi?» Halafu chini kabisa, 9 juu ya 20. Mwanafunzi hutazama ile tisa, hukunja karatasi, huitia mfukoni, basi. Mwaka unaofuata huleta makosa yale yale, nasi twashangaa.

Hatukupaswa kushangaa. Mwaka 1988 mtafiti mmoja wa Israeli, Ruth Butler, alitangaza matokeo ya jaribio alilofanya na watoto wa shule. Wengine walirudishiwa kazi zao zenye alama tu, wengine zenye maneno ya kuwaonyesha njia tu, wengine zenye alama na maneno pamoja. Walioendelea vema ni wale waliopata maneno bila alama. Wale waliopata vyote viwili hawakufaidika kama wao. Alama huvuta jicho, na maneno yaliyo kando yake hayasomwi tena.

Twajua methali ya wazee: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Kuona kosa la mwenzako ni rahisi, kuona lako ni kazi. Lakini ni kazi inayofundishika, kama vile fundi wa nguo afundishavyo mwanagenzi wake kupima kabla ya kukata. Basi tulimwambia yule kijana: «Leo hatutasahihisha neno hata moja. Utasahihisha wewe, nasi tutakaa karibu nawe.» Hakupendezwa. Alitaka kuirudisha kazi nyumbani, hata alitamka kwamba afadhali aichane. Tulimpa kiti na kikombe cha chai, akakaa.

Haya ndiyo tuliyoyafanya pamoja naye. Yamsaidie na mwanafunzi mwingine asomaye ukurasa huu.

Neno la kwanza: ulizo lako ni lipi?

Tulimtaka aseme kwa sentensi moja alikuwa akitafuta nini. Akajibu: «Habari za Nyiragongo.» Lakini habari za Nyiragongo hazina mwisho. Ndiyo sababu kazi yake iligusa urefu wa mlima, sokwe wa mbuga ya Virunga, gesi ya ziwa Kivu, biashara ya Goma, na utalii. Kila jambo nusu ukurasa, wala hakuna lililofika mwisho. Mwenye kufukuza swala wawili hakamati hata mmoja.

Tukamwuliza ni jambo gani alilotamani yeye mwenyewe kulijua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Kwa nini mwaka 2002 moto uliingia hata ndani ya mji? Mama hupenda kusema kwamba mlima uko mbali.»

Hilo ndilo ulizo! Lina mwaka, lina mahali, tena lina «kwa nini». Aliliandika juu ya karatasi nyeupe, kisha akapitia kurasa zake 14 na kuuliza kila aya: «Wewe wasaidia kujibu?» Sokwe wakatoka. Utalii ukatoka. Gesi ya ziwa nayo ikatoka, ingawa ilimwuma, maana aya ile ilikuwa ndefu na nzuri. Zilibaki kurasa 5. Aliogopa, lakini tulimwambia kwamba shamba lililopaliliwa huonekana dogo kwa siku za kwanza tu.

Neno la pili: umejuaje?

Hapa ndipo penye moyo wa utafiti wote. Tulimpa kalamu ya risasi, tukamwambia aweke herufi moja mbele ya kila sentensi. K, kama ameyasoma katika kitabu au gazeti analoweza kulitaja. M, kama ameyaona kwa macho yake. S, kama amesimuliwa na mtu, naye amjua mtu huyo. Na alama ya kuuliza, kama hajui alikoyatoa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi 11. Saba zilipata alama ya kuuliza. Kijana aliona haya. Tukamwambia kwamba hakuna aibu katika alama ya kuuliza; aibu ni kuificha. Sentensi yenye alama hiyo ina njia tatu tu: uitafutie shahidi, au useme wazi kwamba ni dhana yako, au uifute.

Ukurasa wa 6 ulitaja kitabu kimoja kwa jina la mtungaji na mwaka wake. Tulikitafuta pamoja naye, wala hatukukiona popote. Mwishowe alikiri kwamba ukurasa ule aliuomba kwa programu ya simu, ile inayojibu kila ulizo kwa maneno matamu. Ilimtungia hata kitabu ambacho hakuna mtu aliyekiandika. Wasomaji wapenzi, hatusemi kwamba simu ni adui. Twasema kwamba simu si shahidi. Shahidi ni yule aliyeona, au aliyepima, au aliyechunguza na kuonyesha alivyochunguza. Simu ikikuelekeza kwa shahidi, ishukuru, kisha nenda ukamsikilize shahidi mwenyewe.

Neno la tatu: hesabu zapatana?

Ukurasa wa pili ulisema Nyiragongo una metri 3.470. Ukurasa wa nane ulisema una metri 3.058. Kijana hakuwa ameona tofauti hiyo, kwa sababu alinakili kurasa hizo siku mbalimbali. Tulipotazama, tukagundua kwamba 3.058 ni kimo cha Nyamulagira, mlima jirani, ambao nao hutoa moto mara nyingi. Kosa dogo, waweza kusema. Lakini mtu akikosea kimo cha mlima autazamao kila siku, nani atamsadiki anapohesabu wafu?

Na wafu walikuwamo. Juu ya mlipuko wa tarehe 10 Januari 1977 aliandika mahali pamoja kwamba walikufa watu 70, na mahali pengine kwamba walikufa 2.000. Safari hii kosa halikuwa la kunakili. Vitabu vyenyewe havipatani: vingine vyataja watu wasiotimia mia, vingine vyasema mamia, vingine vyapanda kupita hapo. Mwaka ule ziwa la moto lililo kileleni lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na lava, ule uji wa mawe yaliyoyeyuka, ikateremka upesi kuliko mtu awezavyo kukimbia. Vijiji vikafunikwa. Si ajabu kwamba hesabu ni ngumu.

«Basi niandike ipi?» aliuliza.

Andika zote mbili, tena useme kwamba hazipatani. Mwanafunzi hudhani kwamba mwalimu atamwona mjinga akisema hivyo. Kumbe ndipo mwalimu amwonapo ameanza kuwa mtafiti. Kuchagua hesabu kubwa kwa sababu yatisha, au ndogo kwa sababu ilitangulia kuonekana, huko si kuchunguza.

Hata kwa mwaka 2002 ilimpasa kuangalia vizuri. Lava ilishuka tarehe 17 Januari, ikaingia Goma, ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikafika ziwani. Lakini siku chache baadaye watu wengine walikufa kwa mlipuko wa kituo cha petroli, walipokuwa wakichota mafuta. Ukiwahesabu na hao, jumla yageuka. Basi ukikuta hesabu mbili zisizopatana, usikimbilie kusema kwamba mmoja amesema uwongo. Uliza kwanza: kila mmoja amehesabu nini?

Neno la nne: shahidi aliye nyumbani

Jambo hili lilitushangaza kuliko yote. Katika kurasa 14 hapakuwa na herufi M hata moja, wala S. Na kijana huyu alikuwa Goma jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipopasuka tena na lava ikakoma kwenye vitongoji vya kaskazini ya mji. Alikuwa mtoto, lakini aliuona mwekundu wa mbingu kwa macho yake. Mama yake aliyaona ya mwaka 2002. Naye aliwaacha mashahidi hao, akaenda kuomba maneno kwa simu!

Tulimwuliza sababu. Alisema alidhani kwamba ya nyumbani si elimu.

Vijana, ya nyumbani ni elimu, mradi uyapime kama upimavyo ya kitabuni. Tulimtuma kwa mama yake na maulizo manne kwenye karatasi: Ulikuwa wapi? Uliona nini wewe mwenyewe, na nini uliambiwa? Ilikuwa saa ngapi? Mlipita njia gani? Alirudi kesho yake na kurasa tatu za daftari. Mama alisema ilikuwa Jumapili. Tulifungua kalenda: tarehe 17 Januari 2002 ilikuwa Alhamisi. Je, mama amesema uwongo? Hasha. Ukumbusho wa mtu hushika vizuri moto, harufu na kilio, lakini siku za juma huziacha zianguke. Basi kijana aliandika Alhamisi, akauacha ushuhuda wa mama kwa yale aliyoyaona.

Na mama alimwambia neno lililojibu nusu ya ulizo lake: kwamba moto haukuja wote kutoka kileleni, bali «ardhi ilipasuka chini, karibu na watu». Wataalamu wa volkano nao wasema vivyo hivyo. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka kwenye ubavu wa kusini, zikashuka hata karibu na Munigi, kwenye ukingo wa mji. Tena lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi, yatiririka kama maji mazito. Ndiyo sababu kilele kilikuwa mbali na moto ulikuwa karibu. Mama hakukosea kusema kwamba mlima uko mbali, na mwana hakukosea kuuliza.

Neno la tano: ni maneno yako?

Tulimwomba afunge karatasi na kumweleza dada yake mdogo, aliye darasa la nne la msingi, kwa nini moto uliingia mjini. Pale alipokwama, ndipo mahali asipoelewa. Pale dada alipouliza «maana yake nini?», ndipo palipo na neno alilolinakili bila kulijua. Alikwama mara tatu. Akarudi kusoma, akaeleza tena, halafu akaandika jinsi alivyoeleza. Maneno yaliyopita kinywani mwako na kueleweka na mtoto, hayo ni yako. Na yale ambayo ni ya mwingine, mtaje mwenyewe. Kuchukua embe la jirani kwa kuomba si wizi. Kulichukua usiku, huo ni wizi.

Neno la sita: rekebisha, lakini si yote kwa siku moja

Mwaka 1989 mwalimu mmoja wa Australia, D. Royce Sadler, alieleza kwamba mwanafunzi ataka kujua mambo matatu ili aendelee: kazi njema ifananeje, kazi yake mwenyewe iko umbali gani na hiyo, na afanye nini ili umbali huo upungue. Wengi wetu twampa lile la pili tu, yaani alama. La kwanza na la tatu twamwachia atafute gizani.

Basi kijana wetu alichagua makosa matatu makubwa, si ishirini. Aliweka ulizo lake kwenye sentensi ya kwanza. Aliondoa au kuthibitisha kila penye alama ya kuuliza. Aliingiza ushuhuda wa mama. Nukta na herufi kubwa alizisahihisha mwisho, baada ya kuiacha kazi siku mbili sandukuni na kuisoma kwa sauti. Wengi huanza na nukta. Ni sawa na kupaka rangi ukuta unaotaka kubomolewa.

Kazi ya mwisho ilikuwa na kurasa 9. Kabla ya kuipeleka shuleni tulimtaka ajipe alama yeye mwenyewe, na aandike sababu. Alijipa 13 juu ya 20. Sababu yake ilikuwa hii: «Nimejibu ulizo, na nimewataja mashahidi wangu. Lakini sikupata ramani ya nyufa za 2002, kwa hiyo sijui umbali wake kamili.» Tulifurahi kuliko kama angejipa 18. Anayejua upungufu wa kazi yake hahitaji tena kuuliza mlangoni kwa mtu kama ni nzuri.

Neno kwa walimu na wazazi

Walimu wenzetu, tuwape wanafunzi kipimo kabla ya kazi, si baada yake. Tuwasomee darasani kazi moja njema ya mwaka uliopita, jina limefunikwa, na kazi moja dhaifu, nao waseme wenyewe kwa nini hii yashinda ile. Wakae wawili wawili, kila mmoja aweke alama ya kuuliza kwenye kazi ya mwenzake. Na tunaporudisha karatasi, tuandike neno la kuonyesha njia, tumpe mtoto siku tatu atengeneze, kisha ndipo alama. Twajua kwamba madarasa yana watoto 50 ama 60. Sisi nasi tunao. Lakini watoto 60 wanaojisahihisha humpunguzia mwalimu kazi.

Wazazi wapenzi, hata asiyejua kusoma aweza kumsaidia mtoto. Mwulize: «Watafuta nini?» Akijibu, mwulize: «Umejuaje?» Maulizo mawili tu. Na mtoto akija kukuuliza habari za zamani, usimwambie kwamba una kazi. Keti naye.

Tumalize na jambo moja. Mama wa kijana yule hakuwa amemsimulia kamwe siku ile ya 2002. Kazi ilipokwisha, alimwomba amsomee. Alisikiliza mpaka mahali palipoandikwa: «Tukakimbia kuelekea Gisenyi.» Akamsimamisha. «Futa hapo,» alisema. «Hatukukimbia. Tulitembea, maana bibi yako alikuwa mgonjwa, nami sikutaka kumwacha.»

Kijana alifuta, akaandika: «Tukatembea.» Hakuna mwalimu ambaye angeliona kosa lile kwa kalamu nyekundu. Vijana, hayo ndiyo tunayowatakia: msiandike ili kumpendeza mwenye alama, bali ili yule aliyekuwapo, akisikia, aseme: «Ndiyo, ilikuwa hivyo.»